Ngozi ya bolti: mwongozo kamili wa kurudisha vyuma vya chasisi ya gari la kale katika sura ya kiwandani

Gari la kale likitoka gereji baada ya kufufuliwa, watu hutazama bodi, viti na taa. Mimi huinama. Mara nyingi nakuta chasisi inayong'aa kama kiatu cha bwana harusi, na kila bolti imepuliziwa rangi ya silva ya kopo hadi kwenye nyuzi. Bidii imetumika, sikatai, lakini hakuna Land Rover iliyotoka kiwandani kwake Solihull, Uingereza, ikiwa hivyo. Vyuma vya chini vilikuwa na rangi tatu nne tofauti, vingi vimefifia tangu siku ya kwanza, na kila rangi ilikuwa na sababu yake.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kurudisha bolti, nati, washa, yubolti, mabano na klipu za chasisi jinsi zilivyokuwa, akiwa Moshi au Arusha, kwa vitu vinavyopatikana huku. Mfano wangu ni Land Rover Series IIA, toleo lililoanza mwaka 1961 na kuisha 1971, kwa sababu ndiyo iliyonilaza chini ya gari kwa miezi. Njia ni ile ile kwa Peugeot 404, Volkswagen Beetle au Land Cruiser ya miaka ya 70. Neno "ngozi" nitalitumia kwa utando wowote ulio juu ya chuma: mchovyo wa madini, weusi wa kemikali, au rangi.

Usioshe kwanza

Mafundi wetu wana desturi ya kupeleka gari likapigwe maji ya presha na dizeli kabla ya kufungua chochote. Kwa kazi ya kawaida ni desturi nzuri. Kwa kazi hii unaosha ushahidi.

Chukua kitambaa chenye mafuta ya taa, ufute bolti moja moja. Piga picha kabla ya kufungua, fungua, kisha piga nyingine. Kila kundi litie kwenye bahasha ya kaki na uandike limetoka wapi, upande gani, bolti ilitazama mbele au nyuma. Halafu tazama sehemu ambazo tope na oil chafu havikufika: chini ya washa, upande wa ndani wa kichwa cha bolti, shina lililokuwa ndani ya tundu, mgongo wa klipu za bomba la breki. Ngozi ya kiwandani mara nyingi imebaki hapo, hata kama kichwa cha nje kimekuwa donge la kutu.

Tazama na chasisi yenyewe mahali bolti ilipokaa. Ukiondoa washa ukakuta rangi nyeusi ya chasisi inaendelea chini yake bila kukatika, maana yake chasisi ilipakwa kwanza, bolti ikaja baadaye. Bolti hiyo ilionekana kwa rangi yake yenyewe juu ya weusi. Ukikuta duara la chuma kitupu chini ya washa, na rangi imepanda juu ya kichwa cha bolti, basi vilifungwa kwanza, vikapakwa pamoja. Utaliona hili zaidi kwenye vitu vilivyofika kwenye mstari wa kuunganishia vikiwa vimekamilika, kama ekseli na nati zake. Alama hii ndogo imenisaidia kuliko picha zote nilizowahi kutazama.

Tahadhari moja. Gari lililofanya kazi kwenye mashamba ya kahawa au njia ya Loliondo kwa miaka 50 limepita mikononi mwa mafundi wengi, na kila mmoja ameacha bolti yake. Usiamini bolti moja. Linganisha kushoto na kulia, kisha zitafute zile za mahali pabaya: nyuma ya tangi la mafuta, juu ya kiungo cha kushikilia giaboksi, ndani ya kona ambayo spana haipiti. Bolti ambayo hakuna fundi aliyetamani kuifungua ndiyo shahidi mkweli.

Soma kichwa, hesabu nyuzi

Kabla ya kuzungumza ngozi, hakikisha bolti yenyewe ni ya gari hilo. Ukichovya bolti ngeni kwa ustadi, bado ni ngeni.

Magari ya Uingereza ya miaka ya 40 na 50 yalitumia zaidi nyuzi za BSF (kipimo cha Kiingereza cha nyuzi laini), baadaye yakahamia UNF (kipimo cha pamoja cha Uingereza na Marekani). Series I ni ya BSF kwa sehemu kubwa. Kuanzia Series II utakuta mchanganyiko, na mchanganyiko huo ndio unaomaliza nyuzi za watu. Bolti ya 5/16 ya BSF ina nyuzi 22 kwa inchi. Ya UNF ina 24. Ya 3/8 ni 20 kwa BSF na 24 kwa UNF. Pembe ya nyuzi nayo ni tofauti, digrii 55 kwa BSF na 60 kwa UNF. Nati ikiingia mizunguko miwili ikagoma, usiilazimishe. Tafuta geji ya nyuzi.

Kichwani, bolti za Kiingereza za UNF huwa na duara lililodidimia au viduara vitatu vinavyogusana. Herufi R au S huonyesha daraja la nguvu: R ni tani 45 kwa inchi ya mraba, S ni 50. Mistari mitatu iliyotawanyika kutoka katikati ni daraja la 5 la Kimarekani. Ukiona 8.8, alama ya daraja la nguvu la bolti za milimita, kwenye chasisi ya Series IIA, huyo ni mgeni aliyeingia baadaye. Kwenye Land Cruiser utaona tarakimu pekee, kama 4 au 7, na hizo ni zake.

Bolti nzuri yenye alama ya kale iliyokula kutu kidogo ina thamani kuliko mpya inayong'aa. Ila yubolti za springi, nati za kujifunga na washa za springi nunua mpya. Hapo sibishani na mtu kuhusu uasili.

Kuzitambua ngozi

Toka nazo juani, saa nne asubuhi, mwanga usiwe wa taa ya gereji. Beba lenzi.

Zinki iliyochovywa kwa umeme ni ya fedha yenye ubuluu kwa mbali, na ikiharibika huacha unga mweupe kama wa chaki. Utando wake ni mwembamba, kwa kawaida mikroni (elfu za milimita) 5 hadi 12, kwa hiyo nyuzi zinabaki kali. Zinki ikipitishwa kwenye kromati ya njano, dawa ya kuikinga na kutu, hutoka ya dhahabu yenye upinde wa mvua ndani yake. Magari ya Kijapani ya miaka ya 70 na 80 yanazo nyingi. Ukiiona dhahabu hiyo kwenye Land Rover ya 1964, uliza imetoka duka gani.

Zinki ya kuchovya kwenye madini yaliyoyeyuka, kwa joto la digrii 450 hivi, ni jamii ya mabati ya paa: kijivu, nene, mikroni 45 hadi 85 au zaidi, na mara nyingine na maua maua. Kwenye Land Rover ndiyo ngozi ya bampa la mbele na ya vyuma vinavyofunika kingo za bodi. Havikupakwa rangi, wala havikung'aa.

Kadmiamu inahitaji macho. Ni fedha tulivu, laini, yenye joto kidogo kuliko zinki, kama sufuria ya zamani iliyosuguliwa kwa majivu. Ilitumika sana kwenye vyuma vidogo vya magari ya Uingereza na Marekani mpaka miaka ya 70. Ni sumu. Usiisugue kwa msasa mkavu, usiipige grenda, usiichome kwa gesi, usiitie kwenye jiko la mkaa. Mvuke wake unaua mapafu. Mimi kila bolti ya kale ya fedha tulivu naihesabu kuwa ya kadmiamu; naifuta kwa kitambaa chenye mafuta, nimevaa glavu, kitambaa nakitupa.

Fosfati ni kijivu cha mkaa hadi nyeusi, haina mng'ao kabisa, na ukiiwekea tone la oili inalinywa. Weusi wa oksidi ni mwembamba zaidi, unang'aa kidogo, na kidole chenye jasho kinautia kutu kwa siku mbili. Rangi utaijua kwa mabaka na kingo zilizobanduka.

Zikikuchanganya, andika "sijui" kwenye bahasha uendelee. Nyingine zitajieleza ukishapata mwenzake wa upande wa pili.

Chumvi haipo

Ushauri mwingi wa kufufua magari unatoka Uingereza, ambako barabara hunyunyiziwa chumvi kipindi cha baridi. Chumvi hiyo inakula chasisi kama mchwa, kwa hiyo wenzetu hununua chasisi mpya iliyochovywa zinki yote na kuijaza bolti za chuma cha pua. Wana haki. Sisi wa chini ya Kilimanjaro na Meru tuna vumbi jekundu na matope ya masika, hatuna chumvi barabarani. Zinki nyembamba, fosfati yenye oili na rangi ya kawaida zinatosha kabisa kwa gari la Jumapili hapa. Gari likihamia Tanga au Dar es Salaam, hesabu inabadilika.

Chuma cha pua nakikwepa kwa sababu nyingine pia. Daraja la kawaida la A2-70 ni dhaifu kuliko 8.8, hukwama kwenye nati yake hadi lazima ukate, na kikikaa juu ya bodi ya Birmabright, ambayo ni aluminiamu, unyevu ukiingia kati yake bodi ndiyo inayoliwa.

Kuondoa kutu: molasi ya ng'ombe

Mafundi wengi hutumbukiza bolti kwenye maji ya betri. Ni haraka, na ni kosa. Asidi kali inaingiza haidrojeni ndani ya chuma kigumu na kukifanya kikatike kama kaukau. Nililijua hili kwa washa za springi: nilizisafisha kwa asidi, nikazifunga jioni zikiwa nzuri, asubuhi nikakuta tatu zimepasuka bila gari kusogea.

Mimi natumia molasi, ile inayotoka kiwanda cha sukari cha TPC kule Arusha Chini na kuuzwa kwa wafugaji. Sehemu moja ya molasi kwa tisa za maji, kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko. Tumbukiza bolti zilizofutwa grisi, acha wiki moja hadi mbili, chungulia kila siku ya tatu. Inakula kutu na kuacha chuma. Joto la Moshi linaiharakisha. Ukiwa Arusha mwezi Julai, ongeza siku.

Mambo manne. Usitie aluminiamu, italiwa. Usitie chenye zinki unayotaka ibaki. Usitie kitu chenye kadmiamu, kwa sababu ndoo nzima itakuwa sumu. Na molasi iliyotumika ng'ombe asiione kabisa. La tano ni la kijamii: inachacha na kunuka. Ndoo zangu tatu nyuma ya nyumba zilimleta mjumbe kuuliza kwa upole kama nimeanza kupika gongo. Nilimwonyesha bolti. Hakuamini mpaka alipotia mkono.

Ukizitoa, suuza, sugua kwa brashi ya waya, pitisha kwenye maji yenye magadi kuua uchachu, kausha juani papo hapo na uzipake oili. Ukichelewa dakika kumi zinageuka rangi ya chungwa. Washa za springi, springi zenyewe na bolti za daraja la 10.9 kwenda juu zisafishe kwa brashi tu.

Wapo wanaotumia umeme wa chaja ya betri na magadi ndani ya maji. Inafanya kazi, ila magadi ya kupikia huwa na chumvi ndani yake, na chumvi ikipitishiwa umeme hutoa gesi ya klorini. Fanya nje, penye upepo, na vyuma vyote viwili vya umeme viwe vya kawaida. Chuma cha pua huacha sumu majini.

Kutengeneza ngozi

*Weusi wa oili.* Huu ni kwa mabano madogo, klipu na bolti za daraja la kawaida ambazo ushahidi unaonyesha zilikuwa nyeusi. Chuma kiwe kitupu na safi, bila chembe ya zinki wala kadmiamu. Weka kipande cha bati nene juu ya jiko la mkaa, panga bolti juu yake, geuza geuza. Zitakuwa njano ya majani makavu kwenye digrii 230 hivi, kahawia, zambarau karibu 280, halafu samawati karibu 300. Samawati ikikamilika, shika kwa koleo utumbukize kwenye oili mpya ya injini ndani ya mkebe wa chuma wenye kifuniko, ukiwa nje na umevaa glavu za ngozi. Rudia mara mbili. Unapata weusi wenye kina ambao hakuna kopo linaloutoa. Usipite samawati, na usifanye hivi kwa washa za springi wala kitu cha usukani au breki.

*Zinki ya nyumbani.* Hii naipenda kwa sababu ubaya wake ndio uzuri wake: inatoka imefifia, na ikisuguliwa inafanana sana na kadmiamu ya kale. Chukua lita moja ya siki nyeupe, gramu 100 za chumvi ya Epsom, ile wazee wanayoiita haluli, na zinki kutoka kikopo cha betri za redio za kawaida zisizo za alkali. Kioshe kikopo vizuri, kikate vipande, kiache ndani ya siki usiku mzima. Kesho yake, unganisha kipande cha zinki na upande chanya wa betri kubwa ya volti 1.5, bolti na upande hasi, visigusane. Dakika 20 hadi 30, ukigeuza bolti katikati ya kazi. Ikitoka nyeusi na ya unga, umeme umezidi: tenganisha zaidi au ongeza idadi ya bolti. Suuza, sugua kwa brashi laini ya shaba na magadi roho. Utando ni mwembamba, kwa hiyo malizia kwa nta.

*Kwa mchovyaji.* Bolti zikiwa mia mbili, nyumbani ni adhabu. Ukimpelekea mchovyaji wa Dar es Salaam au wa Nairobi kupitia Namanga, mwandikie kwa maneno machache: zinki nyeupe, isiyo ya kung'aa, bila njano. Mimi safari ya kwanza nilisema "zinki" tu. Kilo nne zikarudi za dhahabu kama pete za harusi, nikazivua zote na kuanza upya. Mng'ao hutokana na kemikali ya kung'arisha iliyomo kwenye dawa, na pia na uso wa chuma kabla ya kuchovya. Ukizipiga mchanga laini kwanza, zitatoka tulivu. Hesabu bolti, zipime kwa kilo, mpe orodha. Na ikiwa kuna za nguvu kubwa, 10.9 kwenda juu, mwambie azioke kwa digrii 190 hadi 230 kwa saa kadhaa, mapema, ndani ya saa nne baada ya kuchovya, ili haidrojeni itoke. Akishangaa, usimwachie hizo.

Anayehitaji njano kwa ajili ya Land Cruiser ajue kwamba dawa ya zamani ya kromati imebanwa na sheria za Ulaya tangu 2007. Ya sasa hutoka hafifu zaidi, na haipo namna ya kuilazimisha.

Bampa la mabati lililoharibika peleka likachovywe kwenye zinki ya moto ukipata nafasi. Usipopata, rangi yenye zinki nyingi, ya kijivu, ikisuguliwa kwa pamba ya chuma inadanganya vizuri kwa hatua tatu. Silva ya kopo haidanganyi mtu.

Rangi ya chasisi

Hapa nitapita haraka. Si chasisi zote zilikuwa nyeusi. Series I nyingi za kijani zilitoka na chasisi ya kijani, kwa hiyo kwangua ndani ya kona kabla ya kununua kopo. Kwa Series IIA tumia rangi nyeusi ya mafuta yenye mng'ao wa wastani. Rangi ya unga inayookwa ni nene, inaziba kingo za kuchomelea na kujaza matundu, na ikipasuka maji hujificha chini yake. Michirizi miwili mitatu ya rangi isikukoseshe usingizi. Kiwandani nako ilichirizika.

Kufunga bila kuharibu

Usipitishe dai, kile chombo cha kukatia nyuzi, kwenye nyuzi zilizochovywa, utaikwangua zinki yote. Pitisha nati safi kwa mkono, yenye tone la oili. Tumia spana ya ringi au soketi inayokaa sawasawa, ya inchi kwa bolti za inchi. Spana ya milimita "inayokaribiana" itang'oa ngozi kwenye kona za kichwa kwa mzunguko mmoja. Pale pasipokwepeka, weka kipande cha karatasi ndani ya soketi.

Kumbuka nyuzi zenye oili au mchovyo huteleza kuliko kavu. Kwa kipimo kile kile cha spana ya kupimia, bolti inavutwa zaidi. Ikiwa kitabu cha gari kimetoa kipimo cha nyuzi kavu, usiongeze hata chembe "kwa usalama".

Ukimaliza, yeyusha nta ya nyuki kidogo ndani ya tapentaini, kwenye maji ya moto na mbali na mwali, na upake kwa brashi ndogo kila kichwa na kila nati. Ikikauka haionekani. Oil chafu, ambayo kila fundi atakusihi uipulizie, ina asidi na masizi, inakamata vumbi, na inalainisha mipira ya springi mpaka inavimba. Gari langu limepita masika mbili kwa nta tu. Baada ya ya pili nilikuta bolti nne za nyuma ya gurudumu la kulia zimeanza unga mweupe, nikazivua, nikazirudisha kwenye siki na betri jioni moja, asubuhi zikafungwa.